Bango la Magnelli lililokatwa herufi: karatasi iliyobaki inatueleza nini?

Mwanzisha uzi (Turin)

Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita nilinunua kwa yuro 60 bango la maonyesho ya mchoraji Alberto Magnelli katika soko la vitu vya kale la Balon hapa Turin, na tangu siku hiyo limenishughulisha kiasi kwamba nimeona nililete kwenu, kwa kuwa najua humu wamo watu wa uchapaji, watu wa sanaa na watu wanaopenda tu karatasi za zamani.

Karatasi yenyewe ina upana wa sentimita 49 na urefu wa sentimita 61. Juu pameandikwa MAGNELLI kwa herufi kubwa nyeusi, na chini yake kuna maumbo sita yaliyobanana, ya rangi ya matofali, kahawia, kijivu na buluu iliyoiva, kila moja likiwa limezungushiwa mstari mweusi mnene. Baada ya maumbo hayo karatasi inaishia ghafla. Kingo tatu zimechakaa kwa namna ya kawaida, zina mikunjo midogo na matundu ya pini, lakini ukingo wa chini umenyooka kabisa kwa sababu ulipitiwa na rula na kisu. Muuzaji alinieleza bila kusita kwamba fremu ya mwenye bango wa awali ilikuwa fupi, na fundi wa fremu akalipunguza bango ili liingie.

Kilichoondoka ni mahali pa maonyesho, tarehe zake, na mstari mdogo wa mwisho ambao kwa desturi hubeba jina la kiwanda kilichochapa. Kwa maneno mengine, picha imebaki na tangazo limekwenda. Wengi watasema hasara si kubwa, maana uzuri uko kwenye picha. Mimi nafanya kazi katika karakana ya kuhifadhi karatasi za kale, na nimeona mabango mengi yaliyofanyiwa hivi na watu wasiokuwa na nia mbaya, ndiyo maana nataka kulieleza jambo hili kwa kirefu.

Chukueni kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Ukilikata jina ukabaki na mji na pindo, bado una kitambaa kizuri cha pamba, unaweza hata kushonea mto, lakini hakuna mama yeyote wa Tanga au Lamu atakayekubali kwamba hiyo ni kanga. Jina ndilo linaloifanya iseme na mtu fulani, kwa wakati fulani. Bango la maonyesho nalo ni hivyohivyo. Lilitengenezwa liwaambie watu waende mahali fulani kabla ya siku fulani, na mchoraji alipopanga maumbo yake alijua kwamba chini yake patakuwa na maneno, akayapa uzito wa kukaa juu ya maneno hayo. Mkiliangalia la kwangu leo mtaona maumbo yanaelea kama nyumba iliyoondolewa msingi, na umbo la buluu la kushoto linaonekana linateleza kwa sababu kilichokuwa kinalipokea chini hakipo tena.

Magnelli alizaliwa Florence mwaka 1888 na hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Mwaka 1914 alikwenda Paris, akafahamiana na mshairi Apollinaire na wachoraji Picasso na Juan Gris, akanunua baadhi ya kazi zao kwa ajili ya mkusanyo wa mjomba wake, na aliporudi Florence, mwaka 1915, akawa miongoni mwa Waitalia wa mwanzo kabisa kuchora picha za dhahania, yaani picha ambazo haziwakilishi mtu, mti wala nyumba. Baadaye alirejea kwenye watu na mandhari kwa miaka kadhaa. Kilichomgeuza upya ni mawe. Mwaka 1931 alitembelea machimbo ya marumaru ya Carrara, akakaa akiyatazama mabonge makubwa yaliyopasuliwa mlimani, na kutoka hapo ukatokea mfululizo wa picha za mawe, ambamo jiwe linapoteza ujiwe wake hatua kwa hatua mpaka linabaki umbo lenye ukingo mzito. Mwaka huohuo alihamia Paris. Mtu akiyajua haya, hawezi kuyaona maumbo ya kwenye bango langu kama madoa ya kubahatisha, kwa maana kila moja lina uzito, linaegemea jingine na kubanwa na jingine, kama mawe kwenye ukuta uliojengwa bila udongo.

Wakati wa vita alikuwa Grasse, kusini mwa Ufaransa, karibu na wasanii wenzake Jean Arp, Sophie Taeuber-Arp na Sonia Delaunay. Vifaa vya kuchorea vilikuwa adimu, na kazi zake za miaka hiyo ni pamoja na michoro aliyoifanya juu ya vibao vya mawe vya wanafunzi, vile vyeusi vya kuandikia kwa chaki. Kazi ambazo hao wanne walizifanya pamoja huko Grasse zilichapwa baadaye, mwaka 1950, kama albamu ya litografia 10, yaani chapa zinazotolewa kwenye jiwe au bamba lililochorwa kwa mafuta, na wakati huo Sophie Taeuber-Arp alikuwa amekwisha kufariki miaka saba nyuma. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba kwa Magnelli litografia haikuwa njia ya kunakili michoro tu, bali ilikuwa sehemu ya kazi. Alifariki Meudon, nje kidogo ya Paris, mwaka 1971.

Sasa nije kwenye karatasi yenyewe. Nimeikagua kwa kioo kinachokuza mara kumi, na nimeona mambo matatu. La kwanza, rangi zimelala bapa, hazina nukta, ndiyo maana naamini ni litografia ya jiwe. La pili, kwenye ukingo wa umbo la kahawia kuna chembechembe zinazofanana na alama za kalamu ya nta, na mahali pawili mstari mweusi haukufika sawasawa, ukaacha uwazi mweupe mwembamba kama unywele. La tatu, ambalo ndilo lililonifurahisha kuliko yote, herufi L mbili za jina MAGNELLI hazilingani: mguu wa ile ya kwanza umerefuka kidogo na kona ya ile ya pili imelegea. Herufi za risasi, zile za kumwagwa kwenye kalibu, au za kupigwa kwa kamera zingelingana. Hizi zilichorwa kwa mkono, na kama za juu zilichorwa kwa mkono, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba na zile zilizokatwa zilikuwa za mkono huohuo.

Nawaomba wenye ujuzi mnisaidie kuisoma karatasi hii, na mnieleze kama mngelitundika bango la namna hii au mngeliacha kwenye kabati.

---

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Ndugu mwanzisha uzi, nimesoma yote na nakushukuru, ila nina hoja ambayo naomba uijibu. Ninavyofahamu, wachapaji wa Paris walikuwa na desturi ya kutoa nakala chache za bango kabla maneno hayajawekwa, kwenye karatasi bora zaidi, mchoraji akazitia saini na namba, na nakala hizo zinauzwa ghali kuliko mabango yenye maneno. Ikiwa soko lenyewe linaiheshimu zaidi karatasi isiyo na maneno, kwa nini tuomboleze kwamba fundi ameyaondoa? Pengine alilisogeza bango karibu na sanaa na kuliondoa kwenye biashara.

Pia, kwa heshima, mimi bado sijaelewa mtu anapaswa kuhisi nini mbele ya maumbo sita. Sisemi kwa kudharau. Nauliza kwa sababu nataka kujua.

---

Mwanzisha uzi (Turin)

Kaka, hoja yako ni ya haki, na desturi uliyoitaja ipo. Hapa inaitwa chapa kabla ya herufi. Lakini tazama tofauti. Nakala ile ilizaliwa bila maneno. Mchapaji aliichapa kwenye karatasi nzito, akaiachia pambizo pana chini ili saini na namba zipate mahali pa kukaa, na macho yanapoifikia pambizo ile yanapumzika. La kwangu lilizaliwa na maneno, likanyang'anywa, na pambizo ikaenda nayo. Halina nafasi ya kupumzika wala halina tangazo, saini haipo na namba haipo. Hasara nyingine ni kwamba limepoteza cheti chake cha kuzaliwa. Magnelli alifanya maonyesho makubwa Paris mwaka 1947 katika nyumba ya sanaa ya René Drouin, Brussels mwaka 1954, Palazzo Strozzi ya Florence mwaka 1963, na Jumba la Taifa la Sanaa ya Kisasa la Paris mwaka 1968, mbali na mengine mengi madogo. Mistari mitatu ya herufi ingetosha kutuambia bango hili ni la lipi. Bila hiyo, naweza kulitazama miaka 20 nisijue kama lilibandikwa Florence, mji aliozaliwa, au Paris, mji aliouchagua, na kwa mtu aliyeishi maisha yake kati ya miji hiyo miwili si jambo dogo.

Kuhusu swali lako la pili, nitakujibu kwa uaminifu. Mimi mbele ya maumbo haya huhisi mizani. Nikiliziba umbo la rangi ya matofali kwa kiganja, picha yote inainama upande wa kulia. Nikiondoa kiganja, inasimama. Zoezi hilo nimelirudia mara nyingi na kila mara nahisi ule msimamo mwilini, kama unavyohisi ngalawa inapotulia baada ya wimbi. Sidhani kwamba Magnelli alitaka zaidi ya hapo, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Labda nikuongezee kwamba alikuwa mkusanyaji wa miaka mingi wa sanamu na vinyago vya Afrika, na mjane wake, Susi, aliukabidhi mkusanyo huo kwa jumba la sanaa la Centre Pompidou la Paris. Mtu aliyeishi na vinyago nyumbani kwake alijua vizuri kwamba umbo lililochongwa kwa ukali linaweza kumsimamisha mtu hata asipojua jina lake.

---

Mchapaji mstaafu (Nairobi)

Wanangu, nimefanya kazi ya uchapaji kwa miaka 38, nikaanzia kwenye herufi za risasi na kumalizia kwenye mashine za ofseti za rangi nne, zile zinazopitisha wino kwenye blanketi la mpira kabla haujafika kwenye karatasi. Nimefurahi kuona mada hii, na ningependa kumsahihisha mwenye uzi mahali pamoja kabla hajafika mbali.

Kukosekana kwa nukta hakuthibitishi peke yake kwamba bango ni litografia ya jiwe. Nukta unazoziona kwenye chapa za kawaida, zile za samawati, majenta, njano na nyeusi zinazojipanga kama maua madogo, hutokea pale picha inapopigwa kwa kamera na kugawanywa kupitia wavu. Zikiwepo, una nakala ya picha, na hapo mjadala umekwisha. Zisipokuwepo, bado kuna njia mbili au tatu. Ofseti nayo inaweza kuchapa rangi bapa zilizochanganywa kwenye kopo moja kwa moja, bila wavu, na fundi anaweza kuchora kwa mkono juu ya bamba la zinki litakalofungwa kwenye mashine ya ofseti. Hapo utaona chembe za kalamu ya nta, utaona herufi za mkono, na bado wino utakuwa umepitia kwenye blanketi la mpira.

Kwa vijana wasiojua, msingi wa litografia ni kwamba mafuta na maji havipatani. Alois Senefelder aliugundua Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790, akitafuta njia nafuu ya kuchapa tamthilia zake. Unachukua jiwe la chokaa la Solnhofen, lenye uso uliosuguliwa, unachora kwa kalamu au wino wenye mafuta, kisha unapaka gundi ya mti wa mgunga, ileile inayotoka kwa wingi Sudani, iliyochanganywa na asidi kidogo. Sehemu zisizochorwa hushika maji. Unalilowesha jiwe, unapitisha rola yenye wino, na wino unakwenda penye mafuta tu na kukataa penye maji. Kila rangi ina jiwe lake au bamba lake, kwa hiyo bango lenye rangi tano limepita chini ya mashine mara tano, na karatasi isipolazwa pale pale ilipolazwa mara ya kwanza, unapata huo uwazi kama unywele uliouona.

Sasa, litografia ya moja kwa moja huchapa picha ikiwa imegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Kwa hiyo aliyechora MAGNELLI juu ya jiwe alilazimika kuandika kinyumenyume, akianzia na I. Kwenye ofseti blanketi linageuza mara ya pili, na fundi anaandika kawaida. Mtu anayeandika kinyume huvuta mistari yake upande usiouzoea mkono. Nakushauri uziangalie tena hizo L mbili na uone kama kalamu ilivutwa kutoka kulia kwenda kushoto au vinginevyo. Mara nyingi mwanzo wa mstari ni mzito kuliko mwisho wake.

---

Mwanzisha uzi (Turin)

Shikamoo mzee wangu. Nakiri kwamba nilikuwa nimeharakisha, na nakushukuru kwa kunirudisha nyuma. Nimetumia jana na leo kuliangalia upya bango chini ya mwanga wa pembeni.

Miguu ya L zote mbili ni mizito mwishoni, upande wa kulia, na inakonda inapokaribia shina. Kwa maelezo yako, mkono ulianzia kwenye kile ambacho kwetu ni mwisho wa herufi, jambo ambalo lingetarajiwa kwa mtu aliyeandika kinyume. Pia wino mweusi umekalia juu ya rangi nyingine kwa unene unaoonekana mwanga unapopita kwa pembeni. Penye mstari mweusi juu ya buluu kuna mng'ao, na penye mweusi juu ya karatasi tupu hakuna. Kwa hiyo nyeusi ilichapwa mwisho, na ilichapwa nzito. Sasa naamini zaidi kwamba ni litografia ya moja kwa moja, ingawa sitaliandika hilo nyuma ya fremu mpaka nilipate bango zima la kulinganisha nalo.

Kuna jambo lingine ambalo mstari uliokatwa ungetusaidia. Kiwanda cha Mourlot cha Paris, ambacho kilichapa mabango ya majumba ya makumbusho ya taifa ya Ufaransa tangu maonyesho ya mchoraji Delacroix ya mwaka 1930, kilikuwa na mafundi walioweza kuhamisha mchoro wa msanii kwenye jiwe kwa ustadi mkubwa mno. Charles Sorlier aliwafanyia hivyo akina Chagall, na Henri Deschamps akamfanyia Picasso. Wakusanyaji hubishana sana kuhusu bango lililochorwa na msanii mwenyewe na lile lililochorwa na fundi kufuata mchoro wa msanii, na bei hutofautiana. Mimi binafsi simwoni fundi kuwa ni upungufu. Aliyekaa siku nzima akiigeuza kichwani kazi ya mwenzake, kushoto kuwa kulia, rangi baada ya rangi, anastahili jina lake lisomeke, na mahali pekee ambapo jina la karakana yake lilikuwa likisomeka ni kwenye mstari ule mdogo wa chini, ambao ndio wa kwanza kuangukia kisuni.

---

Mchangiaji (Mombasa)

Asanteni nyote. Mimi si mtaalamu, lakini marehemu baba yangu aliwahi kufanya kazi melini na alirudi na mabango matatu ya maonyesho kutoka Genoa. Moja lina maumbo kama uma au chanuo, mengi, meusi na mekundu, na limeandikwa Capogrossi. Yako kwenye bomba la kadibodi tangu nilipokuwa mtoto, na mawili yameanza kuota madoadoa ya kahawia. Hapa kwetu hewa ya bahari haina huruma. Kaka, nifanye nini? Nilikuwa nimeanza kufikiria kuyapeleka kwa fundi ayagandishe kwenye ubao.

---

Mwanzisha uzi (Turin)

Dada, nakusihi usiyagandishe. Karatasi iliyobandikwa kwenye ubao kwa gundi ya joto haitoki tena salama, na ubao wenyewe una asidi itakayoigeuza kuwa njano. Madoa hayo huenda ni kuvu pamoja na karatasi yenyewe kuzeeka, kwa sababu mabango yalichapwa kwenye karatasi ya kawaida, hayakukusudiwa kuishi zaidi ya msimu mmoja.

Yatoe kwenye bomba siku ambayo hewa ni kavu, uyalaze bapa kati ya karatasi nyeupe safi, na uweke uzito mwepesi juu kwa wiki moja au mbili. Usiyafute kwa kitambaa chenye maji, kwa maana madoa yataenea. Ukitaka kuyatundika, mwambie fundi atumie kadi isiyo na asidi, ashikilie bango kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano upande wa juu tu, ili karatasi iweze kutanuka na kunywea, na aache nafasi kati ya bango na kioo, kwa sababu karatasi inayogusa kioo hukusanya unyevu na kunata. Unyevu wa karibu asilimia 50 ndio unaofaa. Mombasa hutaupata kwa urahisi, basi angalau chagua ukuta wa ndani usiopigwa na upepo wa bahari, weka vigingi vidogo nyuma ya fremu ili hewa ipite, na usitundike mbele ya dirisha. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku kinaidhuru karatasi kuliko unyevu uliotulia.

Hilo la Capogrossi lishike vizuri. Giuseppe Capogrossi alizaliwa Roma mwaka 1900, akasomea sheria, akachora watu na mandhari mpaka alipokaribia miaka 50, kisha mwaka 1950 akaonyesha Roma picha zilizojengwa kwa alama hiyo moja ya chanuo, na hakuiacha mpaka alipofariki mwaka 1972. Mwenyewe alisimulia kwamba akiwa na umri wa miaka kumi alikwenda na mama yake kwenye taasisi ya vipofu, akawaona watoto wawili wakijaza karatasi kwa alama ndogo nyeusi, na hakuzisahau. Fundi akikuambia bango limezidi fremu, badilisha fremu.

La kwangu nimekwisha kuamua. Nitalitundika, lakini sitauficha ukingo wa chini nyuma ya kadi. Nitaliacha liwe wazi pande zote nne ndani ya fremu, na chini nitaacha sentimita 10 za kadi tupu, ili anayelitazama aone mahali maneno yalipokuwa. Nina ombi moja kwenu mlioko Paris, Brussels, Florence au kwingineko: yeyote mwenye bango zima la Magnelli lenye maumbo sita na L ya kwanza yenye mguu mrefu, anipimie umbali kutoka ncha ya chini ya umbo la buluu hadi mstari wa kwanza wa maandishi, na anisomee mstari wa mwisho kabisa, ule mdogo.